Wiki za Mwisho wa Mwaka: Barua Moja Yenye Msomaji



Mitihani ya kufunga mwaka ikiisha, shule nyingi huwa kama nyumba ambayo mizigo imekwisha kufungwa na gari halijafika. Watu wamo, lakini mioyo imetangulia safarini. Maembe yameiva, mvua za kwanza zimenyesha katika wilaya nyingi, wazee wanatia mipini majembe, na mtoto aliye karibu na dirisha asikia kumbikumbi kuliko amsikiavyo mwalimu. Mwalimu naye ana rundo la karatasi za kusahihisha na ripoti za kuandika. Basi huwapa watoto kazi ya kuwanyamazisha: fungueni kitabu, nakilini ukurasa huu na huu. Watoto wananakili, mwalimu anajumlisha alama zake, na kengele inapolia kila mmoja afurahi kwamba siku imepita.

Jambo hili laonekana dogo, maana ni wiki mbili au tatu tu. Lakini na tufanye hesabu. Shule za msingi za Tanzania Bara hufungwa mapema mwezi wa Desemba na kufunguliwa Januari. Mtoto hukaa nyumbani mwezi mzima na siku kadhaa. Ziongezwe zile wiki tatu za kunakili, nasi twakaribia miezi miwili ambayo mtoto hakusoma hata sentensi moja kwa nia ya kujua inasema nini. Aliyekwisha komaa katika kusoma hatapata hasara kubwa. Lakini yule wa darasa la pili au la tatu, aunganishaye silabi kwa kidole, hurudi nyuma, na pengine hurudi mbali.

Anayedhani natia chumvi akumbuke yaliyopata kuonekana. Mwaka 2010 wachunguzi wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika nchi yetu, wakawapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu hivi waliweza kuisoma. Na mwaka 2012 taifa zima lilishtuka kusikia kwamba vijana zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Tangu hapo juhudi zimefanywa. Mwaka 2015 ulianza kutumika mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Lakini mtaala haukai na mtoto katika wiki ya kwanza ya Desemba. Anayekaa naye ni mwalimu, na baada ya mwalimu ni mzazi.

Wenzetu wa Marekani, ambao likizo yao ndefu ni ya kiangazi, wamepima jambo hili. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 juu ya watoto waliorudi kutoka likizo hiyo. Waliona kwamba kwa wastani mtoto hurudi akiwa nyuma kwa kadiri ya mwezi mmoja wa masomo. Na kwa habari ya kusoma, waliopoteza hasa ni watoto wa nyumba zisizo na uwezo. Hatuhitaji kuambiwa sababu. Nyumba isiyo na kitabu haina cha kumkumbusha mtoto herufi.

Niruhusuni nisimulie kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado frateri nilitumwa kufundisha mwaka mmoja katika shule ya msingi ya kijijini. Darasa la nne lilikuwa na mvulana mmoja mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenziwe wote. Katika wiki za mwisho niliwanakilisha watoto habari za ubaoni kila siku, nami kila siku nilimpa yule mvulana alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Siku chache kabla ya Noeli nilikutana na baba yake katika njia ya sokoni. Baada ya salamu aliniambia, “Frateri, imekuja barua ya kaka yangu aliye mjini. Nikamwita mwanangu anisomee mbele ya wageni. Aliishika, akaitazama, halafu machozi yakamtoka. Sasa naomba uniambie, zile vema katika daftari lake ni za nini?”

Sikuwa na jibu. Mtoto yule alikuwa akichora maneno kama mtu achoravyo mbuzi: pembe ziko mahali pake, miguu iko minne, lakini mbuzi hali majani. Kwa sababu ya aibu ile, Januari ilipofika hakurudi shuleni, hata nikaenda kwa baba yake mara mbili kumwomba. Aliporudi tuliacha kitabu kando, tukaanza na jibu la barua ile ile ya baba yake mkubwa. Mistari mitatu ilimchukua wiki nzima. Mwezi wa Machi barua ya pili ikaja kutoka mjini, na safari hii aliisoma mwenyewe, akikwama katika maneno mawili, baba yake akingoja. Sisemi alikuwa msomaji hodari. Mwezi wa Juni bado alichanganya “b” na “d”. Lakini alikuwa amejua kwamba herufi husema kitu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba uvivu tunaowalaumu watoto katika wiki za mwisho, kwa sehemu kubwa, watoka kwetu. Mwaka mzima mtoto ameandika kwa ajili ya alama. Sasa mtihani umekwisha na alama zimekwisha tolewa. Ataandika tena kwa ajili ya nani? Insha ya “Shule yetu” haisomwi na mtu ila mwalimu, naye aijua shule hiyo. Katika misa ya tarehe 23 Desemba twasomewa habari za mzee Zakaria aliyekuwa bubu. Ndugu walikuwa wamekwisha kumchagulia mtoto jina, baba hana sauti ya kukataa, akaomba kibao akaandika jina la Yohane. Aliandika neno moja, nao jamaa wote walikuwa wamekaza macho kulisoma. Hali kama hiyo ndiyo tuitafutie darasa: mtoto awe na la kusema, na awepo mtu anayelingojea.

Kilicho karibu zaidi ni barua. Karibu kila mtoto, likizo ikifika, atakwenda kwa bibi au babu, au atapokea wageni, au anaye ndugu wa mbali. Mwalimu na awaulize kwanza kwa mdomo: ni habari gani ambayo bibi yako hajaisikia? Mmoja atasema ng'ombe wao amezaa. Mwingine, dada amepata kazi. Mwingine, nimeng'oka meno mawili. Mazungumzo haya yachukue kipindi kizima, wala yasionekane kuwa ni kupoteza wakati, kwa maana mtoto asiyekuwa na maneno kinywani hatayapata katika kalamu. Maneno magumu yanayotokea yaandikwe ubaoni, yabaki hapo mpaka barua ziishe. Watoto wa darasa la kwanza watachora picha na kuandika chini yake sentensi moja na jina lao. Inatosha kabisa, bibi ataipachika ukutani.

Hapo niseme neno juu ya salamu. Sisi Waswahili twapenda kusalimu, na ni heshima. Lakini nimeona barua za watoto ambazo ule uzima wa afya, na ile hofu juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, vimekula ukurasa mzima, na habari yenyewe imebanwa chini kama abiria wa mwisho garini. Anwani iwe juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Kisha “Bibi mpendwa, shikamoo”, na mstari mmoja wa kuuliza hali. Halafu ng'ombe azae.

Kusahihisha nako kuna namna yake. Barua ikirudishwa kwa mtoto ikiwa imejaa wino mwekundu, hataki tena kuiona. Kwa mara ya kwanza mwalimu azungushie tu yale yatakayomfanya msomaji asielewe, au aelewe vibaya. Katika mikoa mingi watoto huchanganya “l” na “r” kwa kuwa lugha za nyumbani hazizitengi. Nao hukata neno moja vipande, wakiandika “ni me fika” badala ya “nimefika”. Hapa mwalimu asitoe amri tu. Aonyeshe matokeo. Mtoto akimwandikia babu kwamba kaka aliye mjini bado anatafuta mahari, na kumbe anatafuta mahali, ukoo mzima utakutana kwa kikao! Darasa litacheka, na herufi hiyo haitasahaulika. Kisha mtoto aandike nakala safi kwa mkono wake, ndiyo iende. Palipo na posta ipelekwe posta, ikitumia sanduku la shule au la parokia. Pasipo na posta akabidhiwe msafiri, kama ilivyokuwa zamani. Kitu kimoja kisikosekane, yaani jibu. Mzazi unayesoma gazeti hili, mwanao akimwandikia shangazi yake, mpigie shangazi simu kwa siri umkumbushe kujibu.

Najua wako watakaosema: barua ya nini siku hizi, simu ipo, mtu hutuma sauti yake na mambo yakaisha? Hao na watazame kwa nini mjane wa kijijini humpa kijana asiyemjua simu yake amsomee kama pesa alizotumiwa zimeingia. Simu haikuondoa haja ya kusoma. Imeifanya iwe ya kila siku, na asiyejua husomewa na watu ambao pengine si wema. Hata hivyo, ikiwa ndugu wa mbali hana njia nyingine, mtoto aandike ujumbe wake kwenye simu, kwa maneno kamili, bila kuyakatakata.

Katika nchi za baridi nako wanayo shida hii. Likizo yao ya Noeli ni fupi kuliko yetu, yapata wiki mbili, lakini watoto huanza kuiota mapema, na waalimu hulalamika kama sisi. Wadachi wana desturi moja iliyonipendeza. Jioni ya tarehe 5 Desemba, mkesha wa Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira, watu wa nyumba hupeana zawadi, na pamoja na zawadi huandikiana mashairi ya mzaha mwema, yakisomwa kana kwamba mtakatifu mwenyewe ndiye aliyeyatunga. Aliyeandikiwa hulisoma shairi lake kwa sauti mbele ya wote kabla ya kufungua kifurushi. Hata mtu mzima asiyeandika kitu mwaka mzima siku hiyo hukaa akitafuna kalamu.

Je, sisi wenye lugha ya mashairi tushindwe? Majina ya darasa zima yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe kofiani, kila mtoto achomoe moja na kulificha. Atamwandikia mwenzake ubeti mmoja wa kumsifu na kumtania kidogo, asimtaje ulemavu wala umaskini wake. Sheria ni ile ya kawaida: mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwanza na nane baadaye, na vina katikati na mwisho. Kwa mfano:

Asha wetu darasani, kalamu haisahau,
Hata awe safarini, kitabu hakidharau.

Si shairi la kushinda tuzo, lakini lihesabuni: A-sha-we-tu-da-ra-sa-ni, nane, ka-la-mu-ha-i-sa-ha-u, nane. Mtoto anayehesabu hivi kwa vidole anafanya kazi ile ile ya silabi ambayo ingemchosha kitabuni, naye haoni kuwa ni kazi. Atalifuta neno, atatafuta jingine lenye mizani pungufu, atamwuliza mama yake neno gani lina mwisho wa “-au”. Nimewaona wavulana wa darasa la sita wakigombana wakati wa mapumziko kama neno “mbwa” lina mizani moja au mbili. Madarasa ya chini yaachiwe mistari miwili, na vina vya mwisho tu.

Kwa upande wa kusoma, dawa nzuri ni ya mababu zetu, ambao baada ya “Paukwa!” na “Pakawa!” walijua mahali pa kukomea. Dakika ishirini za mwisho wa siku mwalimu asome hadithi kwa sauti, aifunge penye utamu. Kwa madarasa ya juu nashauri “Adili na Nduguze” ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952. Humo yupo mtu mwema, msifika wa haki, naye kila usiku huwapiga manyani wawili anaowatunza. Kwa nini? Fungeni kitabu hapo, mwone kama kesho kutakuwa na mtoro. Lugha yake ina maneno ya kimo, na mwalimu asikimbilie kuyaeleza yote. Mengine mtoto huyaelewa kwa kufuata habari. Nakala ya kitabu ibaki mezani, na mtoto asiyeweza kungoja aruhusiwe kuisoma wakati wa mapumziko. Baadhi yao hawatangoja.

Tena upo mchezo wa Noeli, ambao shule na vigango vingi huutayarisha wakati huo huo. Mara nyingi sehemu za kusema hupewa watoto wanaosoma vizuri, na wasiosoma hufanywa kondoo. Nadhani twakosea. Mtoto msomaji dhaifu apewe maneno machache, ayanakili mwenyewe kwenye kikaratasi, ayasome katika mazoezi yote. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, S. Jay Samuels, aliandika juu ya faida za kurudia kusoma maneno yale yale mafupi mara nyingi, mpaka yatoke kinywani bila kukwama. Na aliona kwamba wepesi huo humfuata mtoto hata katika maneno mapya. Darasani nani atakubali kusoma kifungu kimoja mara thelathini? Mchungaji wa Betlehemu hukubali, kwa kuwa watu watamtazama.

Yabaki ya nyumbani. Wako wazazi wanaosema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?” Mzazi asiyejua kusoma ni msikilizaji bora kuliko mwalimu, kwa sababu kweli hajui kilichoandikwa, na mtoto aona kwamba anahitajiwa. Mwambie akusomee habari moja ya gazeti, au Injili ya Dominika ijayo, kisha mwulize: halafu ikawaje? Akibabaika, mwache arudie. Usimpige wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zatosha. Likizo ni likizo, nao watoto wana haki ya kucheza na kulima na kulala.

Nchi yetu yenyewe ilipata kujifunza kwamba kusoma pasipo cha kusoma hukauka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wengi, wakiwamo bibi na babu zetu, walishika kalamu kwa mara ya kwanza chini ya miembe na ndani ya makanisa. Baada ya kujua herufi walihitaji kitu cha kuwatunzia ujuzi wao, ndipo mwaka 1974 likaanzishwa kule kanda ya Ziwa gazeti la vijijini lililoitwa “Elimu Haina Mwisho”. Mtu mzima aliyefaulu kusoma alikuwa katika hatari ya kusahau asipopata karatasi mkononi; sembuse mtoto wa miaka minane?

Basi mwanao anapofungiwa nguo za kwenda kwa bibi, tia ndani ya mfuko wake penseli, wembe au kichongeo, na kitabu kimoja, hata kiwe kimechakaa. Mwagize akuandikie kabla wiki ya pili haijaisha, akueleze mambo matatu usiyoyajua ya huko. Karatasi ya barua ikikosekana, kurasa za katikati za daftari lake la mwaka huu zafaa. Azing'oe mbili mbili pale penye pini, daftari lisifumuke.